Fatiha ya Pili

Wazee wanne walinijia baada ya swala ya alasiri wakaniomba nigombee tena, nami nikakubali. Nimeanza na hilo kwa sababu kila ninapolisimulia jambo hili huwa nalianza mbali, kwa vijana na simu zao, kwa siasa za vyama, kwa maneno ya mitaani, ili nikifika kwenye kukubali kwangu msikilizaji awe ameshanihurumia. Hapa sitaki. Niliombwa jambo nililokuwa na wajibu wa kulikataa, nikalikubali, wala hakuna aliyenishika mkono.

Wakati huo nilikuwa nimewawakilisha watu wa wadi yetu ya Amu, kisiwani Lamu, kwa miaka mingi. Nilianza enzi za baraza la mji, ambapo kazi ya diwani ilikuwa kufuatilia mitaro iliyoziba na taa za vichochoroni, kisha nikaingia bunge la kaunti, ambako tunaitwa waheshimiwa hata na wale wanaotutukana. Sikuwa mwizi, na sikuwa mvivu hapo mwanzo. Lakini mtu akikaa sana mahali pamoja huanza kujibu maswali kabla hayajaulizwa. Akija kijana na shida ya leo, mimi nilimpa jibu la zamani, na akiondoka nilijisifu kwamba nimemsaidia.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi niliona mwenyewe kuwa imetosha. Nikawakusanya watu wa mtaa kwenye uwanja ulio mbele ya msikiti, baada ya Ijumaa, nikawaambia nastaafu, na kwamba ningependa wamtazame mtoto wa dada yangu. Alikuwa mwalimu wa sekondari. Wako walionung'unika kwamba kiti si shamba la kurithishana, na walikuwa na haki kusema hivyo. Ila kijana huyo jina lake alilijenga bila mimi. Mwaka ule visima vilipoingia chumvi ni yeye aliyekwenda na vijana ofisi hadi ofisi, chupa ya maji hayo ya chumvi mkononi, akiwawekea wakubwa mezani na kuwaambia, "Onjeni." Watu walimpenda kwa hilo.

Basi ikasomwa Fatiha. Kwetu mambo makubwa hayaandikwi sana. Posa, suluhu ya majirani wanaogombania ukuta, ahadi mbele ya watu, yakishakubaliwa husomwa Fatiha, watu wakajipangusa nyuso kwa viganja, na kuanzia hapo neno si lako tena peke yako. Nilisoma pamoja nao. Dada yangu alikuwa dirishani kwa jirani na wanawake wenzake, na niliambiwa kuwa alilia.

Nieleze kidogo kuhusu dada yangu. Tulizaliwa wawili tu. Alifiwa na mume mapema, akabaki na mtoto huyo mmoja, katika nyumba inayokabiliana na yangu. Nyumba zetu ziliunganishwa na wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kwa hiyo mtu huvuka kutoka nyumba moja hadi nyengine bila kukanyaga chini. Kila asubuhi alivuka na sahani ya mkate wa mofa, akaketi na mke wangu, akanikosoa. "Kofia yako imepinda, Mheshimiwa. Au ndiyo mtindo wa bungeni?" Nilizoea kuamka kwa sauti yake.

Sasa niwaeleze wale wazee. Mpwa wangu alikuwa amefungua kundi la mtaa kwenye simu, akawaingiza wazee wote, ili habari za mikutano na mazishi ziwafikie mapema. Mmoja wao, fundi wa kuchonga milango aliyekwisha kustaafu, alibonyeza mahali asipopajua akajitoa mwenyewe. Kesho yake mjukuu wake alimsomea kuwa jina lake halimo. Yeye akaelewa kwamba amefukuzwa. Mpwa wangu alikwenda kwake kumwomba radhi na kumrudisha, naye akamjibu, "Mlango niliotolewa sirudi kuupita." Kwa wiki nzima hapakuwa na mazungumzo mengine barazani.

Huyo ndiye aliyetangulia kunena siku walipokuja kwangu.

"Bwana," akasema, "nti hii yaharibika."

"Nchi imeharibika wapi?"

"Mpwa wako. Kijana mzuri, hatusemi. Lakini yeye watu hawajui."

"Hawajui vipi? Si amewasomesha watoto wenu wote?"

"Ndiyo hayo. Ajua watoto."

Wenzake wakacheka. Wa pili, muuza vitambaa, akasogeza kikombe chake cha kahawa. "Barazani haketi, Bwana. Akipita ni salamu, na simu mkononi. Kesho nikiwa na shida yangu niende wapi? Nimwandikie?"

"Na mimi alinitoa kundini mchana kweupe," akasema fundi wa milango.

"Ulijitoa mwenyewe," akasema wa tatu. "Kidole kama nyundo, huwezi kugusa kitu kikabaki kizima."

"Nyamaza wewe. Simu yako hata picha haina."

Wa nne alikuwa mkubwa wao kwa umri, na ndiye aliyeongoza Fatiha ya uwanjani. Alisubiri wanyamaze. "Muhula mmoya tu," akaniambia. "Umpe ndia ya kujifunza. Kisha umwachie."

"Na ile Fatiha?" nikamuuliza.

Walitazamana. Yeye akajibu polepole, "Ile tuliisoma sisi. Tutasoma nyengine."

Ningeweza kucheka, na mambo yangeishia hapo. Ningeweza kuwaambia kwamba aliyekuwapo wakati wa kufunga neno, sharti awepo wakati wa kulifungua, na mpwa wangu hakuwapo, wala mtaa haukuwapo. Nilijua hivyo. Lakini ukweli ni kwamba tangu nitangaze kustaafu simu yangu ilikuwa imepoa. Watu walinipita mlangoni wakienda kwa mpwa wangu, wakaniachia salamu za heshima, zile anazopewa mgonjwa. Siku hiyo watu wanne waliketi mbele yangu wakaniambia mji hauendi bila mimi, na nilifurahi mpaka mikono ikapata joto. Niliinyanyua tukasoma.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Walipoondoka akaja kukusanya vikombe.

"Bwana, umesoma Fatiha juu ya Fatiha?"

"Ni muhula mmoja."

"Dada yako umemwambia?"

"Nitawatuma wazee wakamweleze."

Aliweka sinia chini. "Dada yako mliyenyonya titi moja, utamtumia wajumbe kama unakwenda kumposa?"

Nikamwambia siasa ina adabu zake. Ndivyo nilivyokuwa nimekuwa. Katika miaka yote ile jambo lolote gumu nililipelekea wajumbe. Wavuvi wakikasirika, watume watu wawili wazima. Wenye nyumba wakigombana na wenye punda, watume watu wawili wazima. Unakaa nyumbani unasubiri jawabu, na likiwa baya si wewe uliyelipokea usoni. Wazee wawili walishuka ngazi zangu, wakavuka kichochoro, wakapanda ngazi za dada yangu, ilhali kati yake na mimi palikuwa na hatua chache tu za wikio.

Aliwapa maji ya ukwaju, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaambia, "Ile ya kwanza mliisoma mbele ya mtaa mzima. Hii mmeisoma watu watano na kahawa. Mwambieni ndugu yangu simkatazi kiti. Lakini hili aje anambie mwenyewe. Mlango aujua."

Sikwenda siku hiyo. Nilijiambia nitakwenda hasira zikipoa.

Aliyekuja ni mpwa wangu. Alinibusu mkono kama desturi, akaketi chini yangu kidogo, kama alivyoketi siku zote.

"Mjomba, nimesikia."

"Ni wazee."

"Wazee wanne."

"Ni muhula mmoja tu. Wewe bado kijana."

"Nina miaka thelathini na sita. Wewe ulipoingia baraza la mji ulikuwa na mingapi?"

Nilikuwa na thelathini na moja.

"Unaweza kugombea," nikamwambia. "Sijakukataza."

Alitabasamu, bila kebehi, na hilo likaniuma zaidi. "Nipande jukwaani niwaambie watu mjomba wangu amechoka? Na mama yangu siku hiyo akae upande gani?"

Akanibusu mkono tena akaondoka. Karatasi zake za kugombea hakuzipeleka. Kampeni nilizunguka na wale wazee, vijana wakitusikiliza huku wameegemea kuta, na hakuna aliyetuzomea. Nilishinda. Nilishinda kwa sababu aliyestahili kunishinda alinistahi.

Muhula ule sina la kujivunia. Vijana waliokwenda ofisi hadi ofisi na mpwa wangu hawakuja kwangu hata mara moja. Sikuwalaumu, nilikuwa nimewaonyesha kwa macho yao kwamba ahadi ya uwanjani huweza kufutwa kibarazani. Wale wazee nao wakarudi kwenye mazungumzo yao. Walikuwa wamepata walichotaka, yaani mambo yasibadilike, na hawakuwa na haja nyengine na mimi.

Mlango wa wikio upande wa dada yangu ulianza kufungwa. Hakuufunga kwa kishindo. Asubuhi moja hakuvuka, na ya pili, na mke wangu alipokwenda kusukuma akakuta komeo. Mke wangu alipitia chini, kwa kichochoro, akaendelea kumtembelea. Mimi nilisubiri ufunguliwe. Nilituma salamu. Nilituma samaki. Sikukuu ya Idi nilimtuma yule yule mzee mkubwa akanitakie radhi, na akarudi na maneno yale yale: aje mwenyewe.

Mpwa wangu aliomba uhamisho akapelekwa shule ya Kwale. Miezi michache baadaye mama yake akamfuata. Siku ya safari nilisimama gatini kwa mbali, nikiwa na kanzu ya bungeni, maana nilikuwa na kikao. Mke wangu alikumbatiana naye. Dada yangu alikuwa akikaza kamba ya mkoba, na alipoinua kichwa akaniona. Alisimama akinitazama, bila kupunga wala kugeuka. Alikuwa akinipa nafasi. Mwenye boti akaita abiria, na mimi nikatazama saa yangu.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na safari nyingi. Nilikwenda Mombasa kwenye semina, nikalala hotelini, na Kwale iko pale ng'ambo ya kivuko. Mke wangu aliniuliza kama nilipita kwa dada, nikamwambia ratiba ilibana.

Kisha Jumatatu moja mpwa wangu akapiga simu.

"Mjomba, mama hali si nzuri. Ndoo umwone."

"Nini kimempata?"

"Moyo. Daktari hajasema sana. Ndoo tu, mjomba."

"Alhamisi nina hoja," nikamwambia. "Ya taa za gati. Nikishaiwasilisha, Ijumaa niko kwenu, inshallah."

"Nimwambie Ijumaa?"

"Mwambie Ijumaa. Na mwambie nakuja mwenyewe."

Nikisikia maneno hayo leo kichwani mwangu, nasikia mtu anayepanga ziara. Alhamisi alfajiri, nikitia udhu, simu ikalia. Nilijua kabla ya kuipokea. Nilivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, na boti ya kwanza, nikapanda basi, na njia nzima nilikuwa nikihesabu saa za swala. Walimswalia adhuhuri, na sisi maiti hatumweki. Adhuhuri ilinikuta bado niko mbali, kwenye kizuizi cha askari, abiria wameteremshwa kuonyesha vitambulisho. Nilifika karibu na magharibi.

Mpwa wangu alinipokea mlangoni. Alinibusu mkono, akaniletea maji ya kunawa, akanipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Tulisoma tulichosoma. Tulipokuwa tukirudi nikamuuliza kama alisema neno.

"Nilimwambia unakuja Ijumaa," akasema. "Akauliza, mwenyewe? Nikamwambia mwenyewe. Akasema, basi nitandikieni kile chumba cha mbele, yeye hapendi joto."

Hoja yangu ya taa aliisoma mwenzangu siku ile ile. Niliambiwa ilipita bila mtu kuuliza swali. Uchaguzi uliofuata sikugombea, na kiti kikachukuliwa na kijana wa mtaa mwengine ambaye simjui vizuri. Anafanya kazi yake. Mpwa wangu amebaki Kwale, na siasa hataki kuisikia. Hunipigia simu kila Ijumaa, na huniuliza hali kwa adabu ambayo sistahili.

Watu huniuliza kama najutia miaka ile. Miaka mingi siijutii. Najutia muhula mmoja tu, ule uliokuwa si wangu. Niliupata, na kwa ajili yake mji ulimkosa mtu bora kuliko mimi, na mimi sikuzungumza na dada yangu kwa miaka mitano. Amekufa bila ya mimi kumtaka radhi, na amezikwa nisiwepo.