Magome ya Mvinje na Sufuria ya Matanga

Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nimechutama uani kwetu Junda, macho yamejaa moshi, nikiilinda sufuria isichemke sana. Ndani mlikuwa na magome ya mvinje tuliyoyatwanga kinuni mpaka viganja vikafa ganzi. Tuliyapata bure kwenye yadi ya miti ya ujenzi, ambako miti hubambuliwa na magome yake hutupwa au hutiwa moto. Ya mkoko yangefaa zaidi, lakini kuyabambua bila ruhusa ni kujitafutia kesi, na mashaka tulikuwa nayo ya kutosha.

Tulichokitaka ni ule utomvu mwekundu uliojificha ndani ya gome. Ngozi mbichi ikilowekwa humo huacha kuoza, ikawa ngozi ya kushonea viatu. Kaka yangu ni fundi wa makubadhi, kazi aliyofunzwa na baba, na kwa miaka mingi ngozi zake amezitengeneza kwa dawa ya kiwandani, unga wa kijani unaofanya kazi upesi. Dawa hiyo ilimla mikono. Vidole vilipasuka, vikatoa maji, vikakauka, vikapasuka tena. Ikafika mahali kwenye arusi hakai na wenzake kwenye sinia, anasema ameshiba, na mimi najua hajatia kitu kinywani tangu asubuhi.

Daktari alimwambia wazi: aache dawa ile au aache kazi. Rafiki yake alikuwa ameshamwekea nafasi ya ulinzi kwenye depo ya makontena huko Port Reitz, anangoja jibu tu. Kaka yangu asimame langoni na rungu! Ulinzi ni kazi ya halali, sikatai, lakini nilimjua. Mtu huyu akikaa siku mbili bila kushika sindano na uzi hunyamaza kama mgonjwa.

Kwa kuwa kemia niliisoma chuoni, nilimwambia tujaribu magome, na sharti langu lilikuwa moja tu. Chuma kisiyaguse maji yale. Maji ya magome yakikutana na chuma hugeuka wino, na wino huiharibu ngozi. Ndiyo maana tulitumia sufuria ya alumini aliyotuachia mama, ile kubwa ya shughuli, inayopika pilau la mtaa mzima.

Ngozi za mbuzi zilikuwa tayari. Kaka alizinyonyoa manyoya kwa chokaa, na asubuhi ile ile alizisuuza chokaa ikatoka yote. Zikishafika hapo hazingoji mtu. Kwa joto la kwetu, zisipoingia kwenye maji ya magome kabla ya magharibi, zinaanza kunuka, na mchezo umekwisha. Hela ya kununua nyingine hatukuwa nayo, na rafiki wa Port Reitz alishasema mwisho wake ni mwisho wa mwezi.

Basi ndiyo kwanza maji yameanza kuwa mazito, nikasikia hodi. Alikuwa binti wa nyumba ya nyuma, macho yamemvimba. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri. Maziko ni baada ya alasiri, watu wameshaanza kuja, mpishi amefika na mchele umeshachambuliwa. Aliagizwa sufuria.

Asiyekaa kwetu huenda asielewe. Sufuria ya shughuli hununuliwa na nyumba moja, lakini ni ya mtaa. Kwa arusi unaweza kujitetea, ukasema inavuja. Kwa msiba huna la kusema. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nalo. Nilimpa pole, kisha nikamwomba anipe saa moja. Alisimama pale pale, akaishika ncha ya leso yake.

Kaka alitoka chumbani.

"Mpe," akasema.

"Nitayatia wapi haya? Ni ya moto, hizi ndoo za plastiki zitalegea."

"Pipa lile pale."

Pipa lile lilikuwa la chuma, la kukingia maji ya mvua, limeliwa na kutu mpaka ukiligusa linakuachia unga mkononi. Nilimwambia tukimimina humo tutapata wino, ngozi zitaharibika, na yeye ataishia getini kwa watu. Nilimwambia kwa sauti, mbele ya mfiwa, na haya sikuona.

"Mama hakupata kumnyima mtu sufuria hii akifiwa," akasema. "Wallahi mimi sitaanza leo."

Akaishika sikio moja kwa tambara, akaningoja nishike la pili. Nilishika. Ningefanyaje? Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, mazuri mno, na yalipoingia ndani ya pipa yakaanza kuwa meusi tukiyatazama. Nililia kwa ghadhabu. Yeye akaisugua sufuria kwa jivu, akaisuuza, akaitia kichwani, akatoka na yule binti.

Jioni tulizitia ngozi humo humo, kwa kuwa mahali pengine hapakuwapo. Siku zilizofuata tulikaa kama wapangaji waliogombana. Nilimnunulia glavu, akaziweka dirishani, akasema akizivaa hawezi kujua ngozi imefika wapi. Kila siku alikuwa akizamisha mikono pipani mpaka viwikoni, anazigeuza ngozi na kuzikanda, nami namwangalia kwa mbali na kumnunia. Mwezi ulikuwa ukingoni. Rafiki yake alipiga simu mara mbili, na mara zote mbili kaka alijibu, "Inshallah, nitakwambia."

Hatimaye alizitoa na kuzianika kivulini. Zilipokauka alichukua kisu, akakata ukingo wa ile ya kwanza, nami nikainama kutazama. Rangi ilikuwa imeingia mpaka katikati. Nikasema alhamdulillahi. Kisha akaikunja, na uso wa ngozi ukapasuka kama chapati ya jana. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ilikuwa na mabaka meusi, na ilipasuka kabla hajaikunja vizuri.

Nilimwaga yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni. Nilimwambia wema wake umetumaliza, kwamba marehemu angezikwa vilevile na watu wangekula vilevile, hata saa ile moja ikipita. Simu yake ikaanza kuita juu ya benchi, na sote wawili tulijua ni nani.

"Hebu njoo utazame," akasema, akanifungulia viganja.

Vilikuwa vyeusi kama vya bibi arusi aliyepakwa piko. Nilidhani ananifanyia mzaha na nikataka kumgeuzia mgongo, lakini akanivuta mkono akauweka juu ya vidole vyake. Nikavipapasa kimoja kimoja, nikitafuta zile nyufa. Zilikuwa zimefunga. Siku zote zile mikono ilikuwa ndani ya pipa, na hakuna kidole kilichotoa hata tone la damu. Kwa ile dawa ya kijani, siku moja tu ingemtosha kukosa usingizi.

Nilimshikilia mikono nikalia, naye akauchomoa mmoja polepole, akapokea simu, akamwambia rafiki yake nafasi ile ampe mwenye haja nayo. Kisha akaniuliza kule yadini wanabambua lini tena.