Mfu Niliyemfukuza Uani Kwangu

Nilishinda. Hilo mlijue kwanza, kabla hamjanicheka.

Kila Jumapili baada ya misa tunacheza uani kwangu mchezo wa kuigiza kwa kete. Mchezoni mimi ni padri: nikiinua msalaba na kete ikikubali, wafu wanaotembea hutimua mbio. Msimulizi wetu ni Ilunga, fundi wa reli, ambaye hupenda kujipaka unga na kujifanya mfu mwenyewe.

Jumapili iliyopita Ilunga aliinuka mezani, akazunguka nyuma ya nyumba. Nikajua anakwenda kujipaka. Nikarusha kete yetu ya pande ishirini: ishirini, hakuna zaidi! Papo hapo nikasikia hatua, na kwa pembe ya jicho nikaona mtu mweupe pe. Nikaruka juu ya kiti, nikainua msalaba wangu wa vijiko viwili, nikanguruma:

“Weye mufu, rudia mu kaburi yako!”

Mfu akatupa kitunga cha samaki, akatoka mbio. Nikacheza dansi palepale kitini.

Ndipo Ilunga akatokea chooni akifunga mkanda, uso safi kabisa. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

Mama yake alikuwa ameshuka treni ya mizigo kutoka Bukama, safari nzima juu ya magunia ya unga wa mihogo. Miaka sita sijamtazama usoni mama mkwe huyo, kwa heshima ya kwetu. Nikimwona njiani, nahama njia.

Sauti ikatoka nyuma ya mpapai:

“Mukwe, minyi siyakufa bado!”