Aliyenipisha Njiani Ziwa Katavi

Cheka kwanza, ukimaliza unisikilize. Mimi hili sikuhadithiwa, nilikuwepo na akili zangu timamu.

Mama mkwe wangu kwa kabila ni Mpimbwe, naishi naye hapa Shanwe. Uzee umemla kumbukumbu. Kila jioni alikuwa anatenga ugali wa mumewe, mvuvi aliyezama Ziwa Katavi hata mimi sijaolewa, na maiti haikuonekana. "Hajarudi tu?" ananiuliza. Wewe ungejibu nini? Nilikuwa namwambia yuko njiani, halafu naenda kulilia jikoni.

Mwaka jana mvua zilipokatika, majirani tukakodi gari twende hifadhini kuona viboko. Mama tukambeba. Tulikuwa tunakula wali pale pa kupumzikia wageni, karibu na ziwa. Nyie, niligeuka kumenya chungwa tu! Kurudisha macho, mama hayupo. Na jua linazama, na simba tumetoka kuwapita sasa hivi.

Nilitoka mbio huku naita, askari wa hifadhi nyuma yangu na bunduki, ananifokea nisimame. Nisimame vipi? Mume wangu ningemwambia nini, kwamba mama yake nimemlisha simba?

Nikamwona. Anakuja taratibu kwenye njia ya viboko, peku, anacheka kama msichana. Ubavuni kwake mwanaume mrefu, nguo zinachuruzika maji, kashika kandambili za mama. Kuniona tu akatoka njiani, akanipa mgongo. Nikanyoosha mkono anipe zile kandambili. Akaziweka chini, akasogea mbali zaidi.

Nikawaka. "We baba, unampeleka wapi mama wa watu? Hata salamu huna? Mshenzi mkubwa!"

Akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyenichapa kofi la bega.

"We mtoto! Unamtukana baba mkwe wako?"

Hapo ndipo nikaelewa. Maana kwa wakwe zangu ndivyo ilivyo: baba mkwe akikutana na mkamwana anampisha, anageuza uso, na hawapeani kitu mkono kwa mkono. Heshima yote ile mimi nimeiita ushenzi! Nikapiga magoti kwenye matope, nimegeukia kando. "Shikamoo, baba."

Nilisikia maji tu. Askari alipofika alimkuta kiboko mmoja anazama, na kwenye tope kulikuwa na nyayo zangu, za mama na za kiboko. Za mtu mwingine hakuna, niamini.

Usiku ule tulipofika nyumbani mama hakutenga ugali.

"Ameshakula," akaniambia. "Kasema unanitunza vizuri."

Nililia pale pale mbele yake, jikoni sikwenda. Tangu siku hiyo hajamuulizia tena.

Sasa na wewe, ukifika ziwa lile, mtu akikupisha njiani na kukupa mgongo, tafadhali usimfokee. Salimia kwanza. Mimi baba mkwe wangu nilimkuta mara moja tu maishani, na nilianza na matusi.