Vaimoana wa Houma: Dunia Imemtazama, Kaka Yake Bado

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa akina mama wa Houma, kijiji cha visiwa vya Tonga, unalia ko-ko-ko. Wanawake wamekaa chini kwa safu, kila mmoja na kipande chake cha magome, wanayaponda kwa nyundo za mti mpaka yalainike na kutanuka yawe nguo ya ngatu. Karibu na mlango, katika fulana iliyochakaa, anaponda Vaimoana Kaufusi. Mwaka jana picha ya uso wake ilibandikwa kwenye kuta za miji ambayo wenzake hawa wanaisikia kwa jina tu.

"Wewe nyota, unaponda au unapapasa?" anamchokoza shangazi yake, Meliame, dada wa marehemu baba yake.

"Naponda, shangazi."

"Basi tusikie! Au huko Uskoti walikuwa wanakupondea?"

Ukumbi mzima unaangua kicheko, na Vaimoana anacheka kuliko wote. Ana miaka thelathini na minne. Mwezi uliopita, anasema, asingeweza kukaa hapa akacheka hivi.

Alianzia kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni mjini Nuku'alofa, akiigiza muuza majimbi mwenye mdomo mchafu aitwaye Mama Fusi. Malipo yalikuwa pa'anga hamsini kwa kipindi. Siku nyingine bahasha haikuwa na kitu, akarudi nyumbani na mkungu wa ndizi.

Kipindi nusura kife mapema. Mume wa Mama Fusi aliigizwa na kijana mmoja mcheshi, Semisi, na katika sehemu ya tatu akamshika mkewe kiuno. Huku Houma, Shangazi Meliame alikuwa anakunywa chai.

"Chai ilinipalia!" anasimulia, nyundo hewani. "Semisi! Bibi yake na babu wa huyu walikuwa ndugu. Kwetu huyo ni kaka yake kabisa, tena anamshika kiuno mbele ya nchi nzima!"

"Sikujua, shangazi. Mwandishi naye hakujua."

"Hukuuliza! Kabla hujashikwa kiuno, unauliza."

Asubuhi yake Meliame alipanda basi mpaka studio. Na kwa Watonga, shangazi akishasema, nani wa kubisha? Wiki iliyofuata mume wa Mama Fusi alipelekwa New Zealand kuchuma matufaha, na hakurudi tena. Watazamaji walikubali bila maswali, maana kila mtu anaye wake aliyekwenda hivyo hivyo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumzungumzia Mama Fusi, kwa kumsifu wala kumkosoa. Ni Kelepi, kaka mkubwa wa Vaimoana. Baba yao alipofariki, Kelepi ndiye aliyeacha shule akalima viazi vikuu ili dada yake asome. Kipindi kikianza tu, anachukua kofia yake anatoka.

Kutoka si ajabu. Kaka na dada wakishakua hawakai mbele ya televisheni moja, isije ikatokea jambo likawaaibisha wote wawili. Lakini Kelepi alitoka hata siku ambazo Vaimoana hakuwa nyumbani.

"Heshima naijua, nimelelewa nayo," anasema Vaimoana, akishusha sauti. "Ila heshima ikinyamaza na aibu ikinyamaza, utazitofautishaje? Nami siwezi kumfuata kaka yangu nikamuuliza, 'Hivi unanionea aibu?' Haiulizwi hiyo."

Vipande vya Mama Fusi vikasambaa kwenye simu za watu, vikavuka bahari. Akaitwa New Zealand kuigiza muuguzi anayeonekana dakika mbili. Waliomwona pale ndio waliomwita Uskoti kwa nafasi kubwa: mpishi wa meli ya wavuvi, anayempenda nahodha. Na dhoruba ikishapita, mpishi na nahodha wanabusiana.

"Nilibusu huku namwona Kelepi anachukua kofia," anasema. "Mkurugenzi akasema nina huzuni nzuri machoni. Angejua!"

Ndipo ikaja barua kutoka Kanada: nafasi kuu, miezi mitano, jibu mwisho Jumatatu ya tatu ya mwezi. Vaimoana hakujibu. "Nilijiambia, kama kaka yangu ameinamisha kichwa kwa sababu yangu, basi inatosha. Nibaki na Mama Fusi wangu."

Wiki hiyo hiyo filamu ya Uskoti ilifika Houma. Kijiji kizima ni kaka na dada, sasa nani akae na nani ukumbini? Shangazi Meliame akaamua: wanawake Ijumaa, wanaume Jumamosi. Ijumaa akina mama walipiga vigelegele mpaka maneno hayakusikika. Jumamosi Vaimoana alijifungia nyumbani na barua yake.

Jumapili, baada ya ibada, Kelepi alikuwa uani akifukua chakula kwenye tanuri la ardhini. Vaimoana alikuwa ndani, mkekani, pamoja na shangazi. Sela, mke wa Kelepi, akaingia na sahani ya lu, nyama iliyofungwa kwa majani ya majimbi.

"Wifi, mume wangu anauliza," akasema. "Pale baada ya dhoruba, mbona mnanyamaza? Unasikika muziki tu. Palikuwa na nini?"

Vaimoana akashtuka. "Kajuaje kama tunanyamaza?"

"Si alikuwepo! Kakaa nje ya ukumbi, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nimempelekea chakula, namwambia ingia basi, ananijibu, 'Nyamaza, simsikii.' Na kumbe ndiyo kawaida yake! Miaka yote hii Mama Fusi akianza, anazunguka nyuma ya jiko anasikiliza. Mimi nilidhani anavuta sigara!"

Swali lilikuwa bado limekaa pale mkekani, na mwenye kuuliza alikuwa uani anasubiri. Vaimoana akajifunika uso.

Shangazi Meliame akamega kipande cha lu. "Mwambie walikuwa wanasali."

Sela akatoka. Aliporudi alikuwa amebana midomo.

"Anasema, ile sala ilikuwa ndefu."

Nyumba ikalipuka. Vaimoana alicheka, kisha akalia, akalia mpaka chakula kikapoa. Dirishani aliona mgongo wa kaka yake ukitikisika juu ya mawe ya moto. "Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia," anasema. Kesho yake akatia saini.

Nilipomtafuta Kelepi shambani, alijibu bila kuacha kuchimba. "Mimi filamu sijaiona, kwa hiyo sina la kusema." Alisogea hatua chache, akasimama. "Ila ile sauti ni ya mama yetu kabisa."

Vaimoana anaondoka Agosti. Shangazi ameapa binti huyu hapandi ndege mpaka ngatu hii ya safari imalizike, na ndiyo maana ukumbi unalia tangu asubuhi. Mipango ya Vaimoana lakini inavuka Kanada.

"Nataka nizeeke nikiigiza," anasema akichukua kipande kingine. "Nitakuwa bibi kizee, mjane, mkali, hakuna mwanamume anayemsogelea. Filamu hiyo Kelepi ataingia ndani. Nitamwekea kiti cha mbele kabisa."

"Na wewe utakaa wapi?" anauliza shangazi. "Ukumbi mmoja na kaka yako?"

"Mimi? Nje, chini ya dirisha."