Mto Uliotoka Jalalani

Jamani, leo nimetapika kwa sababu ya mto.

Niliununua jana sokoni Kitale. Mchuuzi aliapa umejazwa vipande vya vitambaa vya fundi cherehani.

Mtoto wangu ameulalia usiku mzima. Asubuhi nikasikia harufu, nikafumua mshono.

Bendeji za hospitali! Nyingine bado zina damu nyeusi.

Nikamrudia mchuuzi.

"Tulizitoa jalalani, lakini tulizichemsha, bana. Ati ulitaka pamba?"

Kwa hasira nikautupa jalalani. Hata sijageuka, mama mmoja akauokota, akaukung'uta.

"Uache, mama! Ni uchafu wa wagonjwa!"

"Si umetupa? Mbona unaninyima?"

Nikamnyang'anya, nikauchoma palepale. Akasema watoto wake watalala bila mto kwa sababu ya roho yangu mbaya.

Nyinyi mngemjibu nini?