Nani Atamshonea Mshonaji

Juzuu ya kwanza niliisoma kinyume. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na maktaba ya mtaani kwetu, Barking, huku kwa Waingereza, ilikuwa inaondoa vitabu visivyoazimwa. Katika sanduku karibu na mlango nilikuta juzuu saba za katuni ya Kijapani, majalada meusi, zote zimegongwa muhuri wa kuondolewa. Karatasi za tarehe za kuazima zilikuwa tupu. Nikazibeba zote. Nyumbani nilifungua ya kwanza upande wa kushoto, kama kitabu chochote, nikakuta ukurasa unaonionya kwamba hapa ni mwisho, nikigeuze kitabu. Nikadhani onyo ni sehemu ya hadithi. Nikasoma mpaka mwisho, yaani mwanzo, nikistaajabu jinsi maiti walivyotolewa makaburini, wakavuliwa nguo, wakapona.

Nilipogundua kosa nililia. Sikuzoea kukosea, au niseme kweli, sikuzoea kujisamehe. Mpaka leo mimi ni mtu wa kuandika salamu ya Idi mara sita kabla ya kuituma, na mara nyingine Idi inapita.

Hadithi yenyewe ni ya msichana yatima anayeishi katika kasri ambako mvua haikatiki. Kazi yake ni kuwashonea marehemu nguo za kuzikiwa. Kila maiti anapovishwa huamka kidogo tu, kiasi cha kusema kama nguo imemkaa au haikumkaa, kisha analala moja kwa moja. Isipomkaa, msichana anafumua na kuanza upya. Basi. Hakuna mapigano wala mapenzi. Watu wachache walioizungumzia mtandaoni wanalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Nadhani walipita mbio. Mchoraji ana kurasa ambazo ni wino mtupu toka pembe hadi pembe, isipokuwa mstari mwembamba mweupe wa sindano. Ukitulia, unaanza kuona kidole, halafu mkono, halafu uso wa mtu anayeogopa kukosea. Uso ule niliujua. Nilikuwa nauona kwenye kioo kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Sikumwonyesha mtu vitabu hivyo kwa miaka mitano, mpaka alipokuja Bibi.

Bibi, mama yake mama yangu, alitoka Unguja kuja kuishi nasi babu alipofariki. Aliniita mke mwenzake, kwa utani wa babu aliyekuwa akidai mimi ndiye mke wake mdogo. Kule kwao alikuwa mwosha maiti, na hakukaa miezi miwili Barking kabla kina mama wa msikitini hawajaanza kumpigia simu kila anapofariki mwanamke. Lakini moyo wake ulikuwa umechoka na miguu inajaa maji. Mama alikuwa na zamu zake za kuhudumia wazee, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kliniki, kwa basi, tukikaa viti vya mbele.

Siku moja humo ndani ya basi akaninyang'anya kitabu. Akakifungua upande wa kulia bila kuambiwa. Kidole chake kikaanzia juu kulia, kikaenda kushoto, kama alivyofundishwa kusoma Kurani chuoni akiwa mtoto.

“Wajapani wana adabu,” akasema. “Wanaanza kulia.”

Nikamsimulia kosa langu la utotoni. Alicheka mpaka mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akageuka.

“Yaani maiti umemtoa kaburini! Siku nikifa nisikuone karibu, mke mwenzangu. Utanirudisha nyumbani.”

Kisha akatazama picha. “Huyu anashona sanda?”

“Si sanda, Bibi. Magauni.”

“Ya maiti? Sanda haishonwi, mwanangu. Unaichana kwa mkono, unamvisha mtu, unamfunga, basi. Pindo la nini? Anakwenda harusini?”

Lakini hakukirudisha kitabu. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni na cha daktari, hakikumtosha. Nikajitolea kumsomea kwa sauti, akakataa. “Macho ninayo. Niandikie.”

Hapo ndipo nilipojifunza kuandika Kiswahili. Nilizaliwa hapa. Nyumbani nilisemeshwa Kiswahili, nikajibu Kiingereza, na hakuna aliyenifundisha kukiandika. Nilijifundisha kwa kamusi, kwa taarifa za habari redioni, na kwa kumsikiliza Bibi akiongea kwenye simu. Nilinunua karatasi za stika, zile za kuandikia anwani, nikawa nazikata kwa mkasi mdogo kwa umbo la kila kiputo cha maneno, naandika kwa kalamu nyembamba, nabandika juu ya Kiingereza. Herufi ikipinda, naibandua, nakata nyingine. Stika moja niliwahi kuiandika mara kumi na moja. Ilikuwa na neno “Ndiyo.”

Bibi alisoma midomo ikitembea, miwani puani, na hakumwonea haya mshonaji. “Bega hili kakosea.” “Huyu marehemu naye mjeuri, kafa bado anachagua rangi!” Ukurasa mweusi ukifika hakuufunua haraka. Aliusogeza dirishani na kuutazama sana. Siku nyingine aliniambia, “Huyu aliyechora amewahi kuosha mtu. Angalia anavyoushika mkono.” Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa ule mara arobaini bila kuliona hilo: mshonaji haushiki mkono wa maiti kwa vidole. Anaubeba kwa kiganja.

Na tangu juzuu ya nne alikuwa na swali moja tu. “Yeye je? Akifa, nani atamshonea?”

Nilijua jibu. Katika juzuu ya saba mshonaji anakufa, na hakuna mtu kasrini anayejua hata kutunga uzi. Mpishi na mtunza farasi wanateremsha pazia la dirisha, wanalichana kwa mikono, wanamzungushia, wanamfunga kwa vipande vya pazia hilohilo. Hakuna pindo wala mshono. Anaamka kidogo, kama wengine wote, anasema imemkaa.

Bibi alikuwa amesema kweli tangu siku ile kwenye basi. Nilitamani mno kumwona akifika ukurasa ule, kwa hiyo nikataka usiwe na doa.

Juzuu sita zilinichukua mwaka na nusu. Ya saba pekee ilinichukua miezi minane. Nilibandua stika mpaka karatasi ikachanika, nikaitengeneza, nikakasirika kwamba inaonekana imetengenezwa.

“Bado?” Bibi aliuliza.

“Bado kidogo.”

“Niambie tu kwa mdomo.”

“Itaharibika, Bibi.”

“Haya. Lakini maiti hacheleweshwi, mke mwenzangu.” Alikuwa akicheka.

Jumapili gari la wagonjwa lilikuja kumchukua. Jumatatu nilikwenda hospitali na kitabu ndani ya begi, pamoja na stika na mkasi. Zilikuwa zimebaki kurasa nne. Nilikaa kwenye korido nikikata, muuguzi akapita mara mbili akiniuliza kama ninahitaji kitu. Nilipoingia, Bibi aliisogeza barakoa ya oksijeni pembeni ya mdomo.

“Umekuja nacho?”

Kilikuwa magotini pangu, ndani ya begi.

“Kesho,” nikasema. “Kesho kinakuwa tayari.”

Akanipigapiga mkono, akafumba macho. Jumanne kabla ya adhuhuri akafariki.

Nimeipima sentensi ambayo ningeweza kumwambia. Bibi, wanamchania pazia. Maneno matatu. Hayahitaji stika.

Karatasi za serikali zilituchelewesha mpaka Alhamisi. Kina mama wa msikitini walikuja kumwosha, na mkubwa wao akaniuliza kama nina moyo wa kusaidia, kwa kuwa mimi mjukuu. Mama alikuwa upande wa kichwa. Mimi nilipewa kumwaga maji. Nilipoambiwa nishike mkono wake, niliubeba kwa kiganja, sikuhitaji kuelekezwa.

Kisha ikaletwa bafta, kitambaa cheupe cha sanda. Yule mkubwa akatia mkasi ncha tu, akashika pande mbili, akavuta. Ile sauti ya kuchanika ilijaa chumba. Ukingo ulitoka umepinda, una nyuzi zinaning'inia, na mikono yangu ikaenda yenyewe kuzinyoosha na kuzikata. Nilikuwa nimeanza uzi wa tatu aliponishika.

“Acha, mwanangu. Iache hivyohivyo.”

“Imepinda.”

“Najua imepinda.” Hakunikemea. “Yeye ndiye aliyenifundisha.”

Nikaacha. Wakamfunga kwa vipande vya bafta hiyohiyo, na nilikuwa nimeiona picha ile kabla, yote, mpaka namna fundo lilivyokaa. Mtu pekee niliyetaka kumwambia ndiye tuliyekuwa tunamfunga.

Wiki moja baadaye nilibandika zile kurasa nne. Sikuandika upya hata stika moja. Mbili zimekaa upande, na kwenye moja wino umeenea. Mama alirudi kutoka zamu, akiwa bado na sare yake, akaketi kitandani kwa Bibi na kuichukua juzuu ile. Aliifungua kushoto.

“Anzia huku,” nikamwambia, nikamgeuzia.

Alisoma polepole. Alipofika kwenye pazia akasimama, akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma tena. Akavua miwani.

“Haikushonwa,” akasema. “Bibi yako angepiga kelele mpaka majirani wangekuja. Alijua?”

“Hapana.”

“Si ulikuwa unamwandikia? Kwa nini hakujua?”

Nikamwambia kilikuwa kwenye begi. Nikamwambia kuhusu korido, na muuguzi, na kesho. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakusema nimekosea wala sikukosea. Akavaa miwani, akarudi kwenye ukurasa wa pazia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiusoma kwa sauti, pamoja na ile stika ambayo wino wake umeenea.