Somo la Tumbo Tupu

Mwaka ule wa hamsini na saba mvua iliikata barabara ya Dundori, na kliniki ya wajawazito katika hospitali ya misheni ikakosa mama hata mmoja. Sista Dobson, mwalimu wa wauguzi, alivitazama vitanda vitupu, kisha akawatazama wasichana wake.

"Leo nyinyi napapasa nyinyi," akasema. "Kwanza jua tumbo tupu. Halafu jua tumbo na toto."

Wasichana wakacheka, isipokuwa Chepkorir. Ndani ya sare yake, chini ya mkanda alioupasua kutoka shuka kuukuu, mtoto aligeuka.

Alikuwa binti wa Kimaiyo, mchunga ng'ombe wa mzungu huko Mau Narok, na hakuna msichana mwingine wa kambi ile ya vibarua aliyewahi kuvaa sare ya uuguzi. Likizo iliyopita aliozwa kwa Kemboi, dereva wa trekta, kwa desturi ya kwao: kila mmoja akamfunga mwenzake nyasi mkononi. Aliporudi shuleni alizivua zile nyasi akazificha ndani ya mto. Nyasi zilivulika, mimba haikuvulika. Na sheria ya shule ilijulikana: mwanafunzi akionekana na mimba, jioni hiyo hulala kwao, na hasomi tena. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi uliofuata. Alichoomba ni mwezi huo tu.

"Sista, leo tumbo linaniuma," alijaribu.

"Mzuri sana! Nyakio natafuta maumivu. Lala."

Laiti angekuwa mtu mwingine. Nyakio, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameokoka, na wokovu wake ulikuwa wa kuogopwa. Aliwahi kusimama mbele ya ibada akaungama kwamba alilamba sukari ya hospitali, na ili toba yake isipungue kitu akamtaja na Omolo mpishi, aliyemfungulia stoo. Omolo alifukuzwa kazi kabla jua halijazama. Tangu hapo, Nyakio akiingia bwenini, mazungumzo hukatika.

Nyuma ya pazia Chepkorir aliufungua mkanda, akalala. Mikono ya Nyakio ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Vidole vilishuka polepole, kama walivyofundishwa, vikakuta uduara ambao haukupaswa kuwapo. Vikasimama. Mtoto akapiga teke. Wote wawili walilisikia, na macho yao yakakutana.

"Wewe nasikia nini, Nyakio?"

Nyakio alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti. Anaomba, Chepkorir aliwaza. Na mtu akiomba nguvu ya kusema kweli, Mungu hamnyimi.

"Huyu ni mzito, Sista."

Neno lile kila msichana alilijua. Lakini Sista Dobson alikuwa amejifunza Kiswahili chake jikoni na shambani, na huko kilicho kizito ni gunia.

"Mzito! Ndiyo, mimi naona!" Akamchapa kofi la mzaha mguuni. "Yeye nakula posho kama ng'ombe. Kutoka leo, nusu sahani. Haya, ingine!"

Chepkorir akaufunga mkanda upesi, akashuka kitandani.

Wakati wa chakula, Anyango, mrefu mwenye ulimi, alimsukumia sahani. "Mzito, wewe umekatiwa nusu. Chukua na nusu yangu. Ukizaa ndovu usinitaje."

Mwingine akasukuma yake, na mwingine. Wakacheka hadi meza ikatikisika. Chepkorir alikula, lakini kila tonge lilishuka na hofu. Jana siri yake ilikuwa na mlango mmoja. Leo ilikuwa na milango ya bweni zima.

Kesho yake alimkuta Nyakio kwenye kamba, akianika shuka za wodi.

"Dada, mimi sikusema uongo," Nyakio alisema bila kugeuka.

"Najua. Asante."

"Usinishukuru. Sista hakuelewa, nami nikafurahi. Furaha ile ni dhambi, tangu jana sina amani. Jumapili nitaiungama."

"Nyakio, ni mwezi huu tu uliobaki."

"Mimi sihesabu miezi yako," Nyakio akasema. Kibanio kikamtoka mkononi, akainama kukiokota.

Jumapili Sista Dobson aliketi mbele kabisa, kofia magotini. Ushuhuda pale ulitolewa kwa Kiswahili, ili makabila yote yasikie. Nyakio akasimama. Chepkorir alikamata ubao wa benchi kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakiwa juu ya lori.

Nyakio akaanza kusema, kwa Kikuyu.

Chepkorir hakujua Kikuyu ila salamu. Maneno yalimpita kama maji gizani, hana habari ya kina chake. Kisha, katikati, akasikia jina lake. Baadaye kidogo akalisikia tena. Wanawake Wakikuyu wa Dundori waliokaa benchi la pili waligeuza shingo, wakamtazama, wakarudisha nyuso mbele. Sista alitabasamu kama anayesikiliza ndege. Wimbo ukaanzishwa.

Nje, mkono ulimshika begani. Alikuwa Sista.

"Wewe Mzito! Sasa nakula nusu?"

"Nakula nusu, Sista." Hakusema nusu za watu wangapi.

"Mzuri."

Mwezi ule kila mlango wa darasa ulipofunguliwa, pumzi yake ilikatika kwanza. Aliukaza mkanda mpaka ukamchuna ngozi. Alifanya mtihani akafaulu, akavishwa beji. Siku ya kuagana alimuuliza Nyakio alichosema juu yake.

"Kweli," Nyakio alijibu, akalibeba sanduku lake.

Mtoto alizaliwa Mau Narok, nyumbani kwa mama wa Chepkorir, mchana wa baridi, ukungu umelala juu ya ngano. Beji ilikuwa imechomekwa upande wa ndani wa shuka alilojifunga Chepkorir. Wanawake walikusanyika kumtafutia mtoto jina, wakiwaita marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, kwa sauti, mpaka mtoto apige chafya kwa yule anayemkubali. Walipofika kwa nyanya wa Kemboi, chafya ikatoka, kali, ya mtu mwenye haki ya kuwapo. Wakapiga vigelegele.

Chepkorir alikuwa ameshamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

Mama yake akakibandua kile kiganja kidole kwa kidole. "Chepkorir," alimwambia polepole, "unamficha nani hapa?"